Miguu Niliyozaliwa Nayo

Siku niliyopimwa kuingia jeshini, mpimaji aliniambia nichovye miguu kwenye karai la maji kisha nikanyage sakafu ya saruji. Tulikuwa vijana wengi, tumesimama mstari na kaptura tu, Tukuyu imefunikwa na ukungu, meno yanagongana. Wenzangu walionitangulia waliacha alama zenye kiuno: kisigino huku, vidole kule, katikati ukanda mwembamba wa maji. Alama yangu ilikuwa nzima kama chini ya pasi.

Mpimaji akachuchumaa, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Wewe una nyayo bapa," akasema kwa sauti ya chini. "Unajua?"

"Sijui, afande."

"Ukitembea mbali huumwi?"

Nilikuwa nimetembea kutoka Masoko alfajiri ile, pekupeku mpaka karibu na mji, ndipo nikavaa raba za kuazima. Miguu ilikuwa inawaka moto.

"Siumwi, afande."

Alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaisugua ile alama kwa soli ya kiatu chake mpaka ikawa maji tu ya kawaida, akaandika kwenye fomu: miguu, kawaida.

"Mimi sijaona kitu," akasema. "Pita."

Kwa miaka mingi nilimwombea heri mtu yule. Siku hizi akinijia akilini sijui nimwombee nini.

Nilitumika miaka kumi na tisa, na karibu yote niliitumikia kwa miguu. Sikuwa dereva, sikuwa fundi wa redio, sikukaa ofisini. Nilikuwa askari wa kutembea. Kwata asubuhi, lindo usiku, na yale matembezi ya kutwa nzima na mzigo mgongoni, ambayo vijana wapya huyasimulia kwa kujisifu na wazee huyasimulia kwa kushika magoti. Buti zangu zililika upande wa ndani tu. Fundi viatu wa kambini alikuwa ananicheka, anasema natembea kama mtu anayetaka kuupinda ulimwengu. Mwaka wa sita maumivu yalitoka kwenye unyayo yakapanda kwenye fundo la mguu. Mwaka wa kumi yakafika gotini. Mwaka wa kumi na nne nilikuwa naamka asubuhi natambaa kwanza kwenda mlangoni, nashika fremu, ndipo nasimama.

Zahanati ya kambi ilinipa vidonge na siku mbili za kuvaa ndala. Nilizipokea mara nyingi hizo siku mbili. Mwishoni wakubwa walichoka kuniona nikichechemea mbele ya kuruti, nikaandikiwa kutoka kwa sababu za kiafya. Nilikabidhi kombati, nikakabidhi blanketi, nikapewa cheti chenye maneno mazuri, nikarudi Rungwe.

Askari anayetoka kwa ugonjwa hupelekwa mbele ya bodi ya madaktari, nayo humwandikia asilimia: kazi imeharibu kiasi gani cha mwili wake. Aliyepoteza kidole ana asilimia yake, aliyezibwa sikio na mizinga ana yake. Asilimia hiyo ndiyo inayoamua kama utapokea malipo ya ulemavu mpaka kufa au utapewa mkono wa kwaheri. Nina rafiki aliyekatwa kidole cha shahada na mlango wa lori. Alipata asilimia yake bila maswali, na ninavyoandika hivi anacheza mpira na maveterani kila Jumamosi. Simwonei wivu kidole chake. Ila kidole kilichokatika kinaonekana. Mimi miguu yangu yote miwili ipo, ina vidole kumi, na ukiniona nimekaa utaniambia nikakulimie shamba.

Hapa kwetu hata jina la ugonjwa huo hakuna. Jirani zangu wa Makandana, nilikopanga na mke wangu baada ya kutoka kambini, waliniuliza naumwa nini. Nikasema nyayo. Wakasema pole, wakangoja niendelee, kana kwamba hayo yalikuwa maelezo ya mwanzo tu na ugonjwa wenyewe ulikuwa bado unakuja.

Fomu za bodi zilinishinda. Nikazipeleka kwa karani mmoja mstaafu aliyekuwa na meza karibu na duka la fotokopi, mtu aliyewaandikia watu barua za mirathi, za viwanja, za ada. Akazisoma zote huku anatikisa kalamu. Akafika kwenye swali moja akalizungushia duara: hali hii ilianza lini?

"Ulizaliwa nayo?" akaniuliza.

Nikatazama miguu yangu.

"Maana ukiandika ulizaliwa nayo, wameshamaliza kazi. Watasema jeshi halikukuzaa."

"Fomu ya kuandikishwa inasema miguu kawaida," nikasema.

Akaiweka kalamu chini. Uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyepata nguzo ya nyumba porini. "Basi una nini cha kuogopa? Karatasi yao wenyewe inasema uliingia mzima. Andika: nyayo zangu zilikuwa nzuri, zimeharibika kazini."

Ndivyo tulivyoandika. Yeye alitunga, mimi nikatia saini. Nilijiambia sio uongo mkubwa. Nilijiambia kuwa jeshi limekula magoti yangu, hilo ni kweli, na kwamba uongo mdogo unaobeba ukweli mkubwa Mungu anauelewa. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hujisamehe upesi.

Baada ya miezi barua ikaja. Bodi itakaa Mbeya, nifike na vyeti vyangu, pamoja na mzazi au ndugu aliyenijua tangu utoto, ili kuthibitisha maelezo.

Baba yangu alikuwa amekufa zamani. Nilikuwa na mama tu, kule Masoko, kwenye nyumba ile ile niliyozaliwa, katikati ya migomba na kahawa. Mama yangu ni mtu wa kanisa. Sisemi mtu wa kwenda kanisani, hao ni wengi. Mama akiokota kitenge njiani alikuwa anazunguka kijiji kizima akiuliza ni cha nani, na jioni anakipeleka kwa mchungaji. Akikuuzia ndizi alikuwa anakuonyesha mwenyewe zile zilizooza.

Karani aliniuliza, "Umemwandaa mama?"

"Mama yangu haandaliwi," nikajibu kwa kiburi.

Ukweli ni kwamba niliona haya. Nilikwenda Masoko, nikala ndizi alizonipikia, nikakaa mpaka mvua ikakatika, nikatafuta maneno ya kumwambia mama yangu aseme uongo, sikuyapata. Nikamwambia tu, "Watakuuliza habari za utoto wangu. Wewe jibu."

"Nitajibu," akasema. "Nani anaujua utoto wako kuliko mimi?"

Tulifika Mbeya mapema. Mama alikuwa amevaa gauni lake la ibada na viatu vya kufunga ambavyo vilimbana. Chumba kilikuwa na meza ndefu na watu watatu: mwenyekiti, ambaye alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole; mwanamke aliyekuwa anaandika; na daktari kijana aliyekaa pembeni na mafaili. Waliniambia nivue viatu. Nikakanyaga sakafu, wakaniinamia. Mwenyekiti akaushika mguu wangu, akaupinda huku na huku, akabonyeza nyuma ya fundo nikaruka.

"Mshipa huu umechakaa kabisa," akawaambia wenzake. "Na goti nalo limekwisha." Alisema kwa masikitiko ya kweli. Nikaanza kuwa na matumaini. Akarudi kukaa, akafungua faili. "Hapa inaonyesha aliingia na miguu ya kawaida." Akamgeukia mama. "Mama, karibu. Huyu ni mwanao?"

"Ee, ni mwanangu."

"Hii miguu yake unaiona ilivyo. Alipokuwa mtoto ilikuwaje?"

Baadaye sana ndipo nilipoelewa mama alichosikia katika swali lile. Hakusikia swali la ugonjwa. Alikuwa amesimama mbele ya wakubwa wa serikali, ameletwa kama shahidi wa mtoto, na sasa wanaitazama miguu ya mtoto huyo na kuuliza imetoka wapi. Alidhani wanatilia shaka kama mimi ni wa mumewe.

Akanyoosha mgongo. Mama yangu ni Mnyakyusa wa zamani, Kiswahili chake hakina zeti wala hakijawahi kuihitaji.

"Miguu hii amesaliwa nayo," akasema.

Mwenyekiti akakunja uso. "Amesaliwa? Ameombewa miguu?"

"Ee. Amesaliwa nayo."

Yule mwanamke akaacha kuandika, akatabasamu. Mwenyekiti akatabasamu pia. "Nauliza kabla ya maombi, mama. Kabla ya kuombewa, ilikuwaje?"

Kwa muda mfupi sana, pengine kwa pumzi mbili, nilikuwa na nafasi. Wangeandika kuwa ni bibi wa kijijini ambaye haeleweki, wangerudi kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa upande wangu. Nilimtazama mama nikiomba moyoni asiseme tena.

Daktari kijana akainua kichwa. "Samahani, mwenyekiti," akasema. "Anasema alizaliwa nayo." Kisha akamgeukia mama, akamwamkia kwa Kinyakyusa kwa heshima zote, akamuuliza upya kwa lugha yake.

Mama akafurahi! Hapo ndipo maneno yalipomtoka kama maji. Akaeleza kwa mikono, akainama akachora kwa kidole sakafuni. Daktari akawa anatafsiri taratibu, na kadiri alivyotafsiri ndivyo alivyozidi kukwepa macho yangu. Anasema miguu hii ni ya baba yake. Anasema baba yake akipita kwenye tope walikuwa wanajua ni yeye, kwa sababu unyayo wake ulikuwa unakanyaga wote. Anasema mtoto alipoanza kutembea, shangazi zake waliona alama yake uani wakapiga vigelegele, wakasema huyu ni wa kwetu.

"Wote wa nyumba ile," mama akamalizia kwa Kiswahili, akinionyesha kwa fahari. "Hata babu yake."

Yule mwanamke alikuwa anaandika. Mwenyekiti akafunga kalamu yake, akaniuliza kwa upole ule ule, "Afande, saini hii kwenye maelezo ni yako?"

"Ni yangu."

"Asante. Tutawaandikia."

Nje mama alivua viatu, akavishika mkononi. "Wamekubali?" akauliza.

"Tutaandikiwa."

"Yule kijana ana adabu. Mama yake amemlea." Alitembea mbele yangu kuelekea stendi, mwepesi, amemaliza kazi aliyoitiwa.

Barua ilisema asilimia sifuri. Hali ya kuzaliwa. Na chini, kwa mstari mmoja, kwamba maelezo ya mwombaji yalikutwa hayana ukweli.

Sasa nitaandika jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya mtu. Sikwenda Masoko tangu mvua za masika mpaka wakati wa kuchuma kahawa. Ni mwendo mfupi kwa bodaboda. Mama akituma salamu nilizipokea kwa mke wangu, nikasema niko na kazi. Sikuwa na kazi. Nilikuwa nakaa kwenye benchi mbele ya nyumba, nimeweka miguu kwenye ndoo ya maji ya chumvi, namchukia mama yangu kwa kuwa hakujua kudanganya. Mke wangu aliniambia, "Ungemchukia huyo karani basi, au ujichukie mwenyewe." Nilimwona anasema maneno ya mtu mwenye miguu mizima.

Mama alikuja mwenyewe. Kuna mtu wa kanisani aliyemweleza, sijui nani, kwamba mwanao amenyimwa haki yake kwa sababu yako. Alifika na mkungu wa ndizi kichwani, amelowa, amepanda vilima vyote vile kwa miguu katika umri ule. Hakukaa. Aliutua mkungu mlangoni.

"Ni kweli nilikuharibia?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema, mama, ulisema kweli, mimi ndiye niliyeandika uongo. Maneno hayo hayakuwa magumu. Nikasema, "Walitaka kusikia kwamba nilizaliwa na miguu mizuri."

Akafikiri. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni.

"Basi turudi," akasema. "Nitawaambia mimi ni msee. Nilisahau. Nitawaambia nilikuchanganya na ndugu yako."

"Sina ndugu, mama."

"Wao wanajua?"

Nami nikampeleka. Nilimwacha mama yangu, ambaye alikuwa anatafuta mwenye kitenge kijiji kizima, apande gari kwenda Mbeya kusema uongo kwa ajili yangu, na njia nzima nilikuwa namrekebisha: usiseme vile, sema hivi. Alikuwa anarudia kwa midomo, bila sauti, kama mtoto anayejifunza katekisimu.

Bodi haikuwepo. Kulikuwa na karani dirishani, msichana anayekula karanga. Mama alilishika dirisha kwa mikono miwili na kusema kwa Kiswahili chake chote, "Nilikosea. Mtoto alikuwa na miguu misuri. Baba yake pia alikuwa na miguu misuri. Mimi ni msee, nilisahau."

Msichana akaangalia jina kwenye barua yangu, akafungua daftari, akalifunga.

"Bibi, hili faili lilishafungwa. Hata rufaa muda wake umepita."

"Lakini nimesema nilikosea."

"Nimekusikia, bibi. Limefungwa."

Tulikuwa tunatoka getini tulipokutana na yule daktari kijana. Alitutambua. Akamwamkia mama, kisha akanivuta kando, ila mama akafuata, na yeye kwa adabu yake hakuweza kumfukuza. Akaniuliza tumekuja kufanya nini. Nikamwambia.

"Mzee wangu," akasema, "kwa nini hukusema kweli tangu mwanzo? Kuna kifungu cha hali ya kuzaliwa iliyozidishwa na kazi. Mwenyekiti aliuona mguu wako, aliona kazi imeumaliza. Ungeandika tu: nilizaliwa na nyayo bapa, wakanichukua hivyo hivyo, nikatembea miaka kumi na tisa. Maneno ya mama ndiyo yangekuwa ushahidi wako. Ulipoandika kwamba ziliharibika jeshini, na mama akasema ni za baba, bodi ilibaki na mtu mmoja anayesema kweli, naye si wewe."

Mama akauliza anasema nini. Na kijana yule, ambaye simlaumu, akamgeukia akamweleza yote kwa Kinyakyusa, taratibu, bila kuacha neno, kama anavyostahili kuelezwa mama mtu mzima.

Nilikuwa natazama chini. Nilisikia mama akisema "ndaga", asante, mara moja tu. Tukarudi na gari mpaka Tukuyu. Aliposhuka hakungoja bodaboda niliyomwitia. Alianza kutembea.

Miezi michache baadaye nilianza kwenda tena Masoko, na Jumapili nilikuwa nampeleka kanisani. Ilipofika Jumapili ya meza ya Bwana, waumini waliinuka benchi kwa benchi kwenda mbele. Mama hakuinuka. Nikadhani ni magoti. Mara ya pili hakuinuka tena. Nikamuuliza nyumbani, tukiwa tunamenya ndizi.

"Mama, kama ni habari ya Mbeya, aliyedanganya ni mimi. Nitakwenda kwa mchungaji nimwambie."

"Mwambie ya kwako," akasema. "Wewe ulidanganya juu ya miguu yako. Mimi nilimkana baba yako. Nilisimama pale dirishani nikasema hakuwa na miguu aliyokuwa nayo. Na yule binti alikuwa anakula karanga."

"Mchungaji atakusamehe."

"Sijasema hatanisamehe."

Akaendelea kumenya. Nilimwambia mengine mengi siku ile na siku nyingine. Nilimwambia Mungu anajua moyo wake. Nilimletea mchungaji mpaka uani. Walikaa kitambo wakizungumza, wakasali, mama akamfungashia maparachichi, na Jumapili iliyofuata akabaki amekaa vile vile.

Mimi naendelea. Yule karani mstaafu alihamia kwa mwanawe kule Matwebe na meza yake ameichukua muuza vocha. Ninakata vipande vya mpira wa tairi na kuviweka ndani ya viatu, chini ya unyayo, na vinanisaidia kufika sokoni. Asilimia yangu ni sifuri na itabaki sifuri. Nilikwenda kwa mchungaji nikakiri ya kwangu kwa maneno machache, akaniombea, tukashikana mikono. Siku ya meza ya Bwana benchi letu likifikiwa, mimi huinuka nikachechemea kwenda mbele pamoja na wengine, na mama huvuta magoti yake pembeni ili nipate kupita.